Matamasha na starehe za usiku Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa vyuo

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wanafunzi wanaofika Tunguu, Vuga, Chukwani na Beit-el-Ras huuliza maswali yale yale kuhusu usiku wa mjini, wengine kwa sauti mbele ya walimu, wengine kwa kunong'onezana dakhalia, yaani bwenini. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda, si kwa anayetafuta sababu ya kumkataza mwenzake.

Usiku wa mjini una nini hasa cha kumvutia mwanafunzi?

Una mengi kuliko adhaniavyo mtu aliyeijua Zanzibar kwa matangazo ya utalii. Bustani ya Forodhani huanza kujaa magharibi. Mabaraza ya kahawa, na maarufu zaidi ni lile la Jaws Corner, huendelea na mabishano ya siasa na mpira mpaka usiku. Vikundi vya taarab vya zamani bado vipo, kikiwemo Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kilichoanza miaka ya hamsini, na anayependa muziki akikaa jioni moja kuwasikiliza atajua kwa nini mji huu unajivunia fidla na qanuni zake. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004. ZIFF, yaani tamasha la filamu la nchi za jahazi, lilianzishwa mwaka 1997. Januari kuna shamrashamra za Mapinduzi. Julai watu humiminika Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya. Na sikukuu mbili za Idi zina pilikapilika zake. Mwanafunzi asiye na fedha nyingi namshauri aanze na taarab na Forodhani. Disko litamsubiri.

Je, mji uko salama usiku?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Baada ya sala ya isha mtu anaweza kupita Mkunazini au Kiponda akakuta watoto wanacheza, kina mama wanarudi harusini na wazee wamekaa barazani, na penye baraza la watu pana macho mengi. Ukipita, toa salamu. Anayesalimia hukumbukwa, na anayekumbukwa hulindwa hata bila mwenyewe kujua.

Hata hivyo, zipo hatari zinazojulikana. Kuna waporaji wa simu na mikoba wanaokuja na pikipiki, hasa barabarani ambako mtu hutembea akiitazama simu yake. Kuna vichochoro ambavyo umeme ukikatika huwa giza totoro. Kuna fukwe zisizo na taa pembezoni mwa mji, ambazo mchana hupendeza lakini usiku hazina sababu ya kupitwa. Nionavyo mimi, mambo mengi yanayowafika wanafunzi hayatokei mahali pa starehe, bali njiani baada ya starehe, pale kundi lilipokwisha kutawanyika, simu imeisha chaji na gari hakuna. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetoka usiku lisiwe "tunakwenda wapi?" bali "tunarudi vipi?", na lijibiwe kabla hajavaa viatu.

Tamasha likiisha saa sita usiku, nitarudi vipi Tunguu?

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko yote. Gari za abiria hupungua sana baada ya isha, na za kwenda shamba, yaani nje ya mji, hupungua mapema zaidi. Anayetegemea kwamba gari "haitakosekana" hujikuta amesimama kituoni akibembeleza kila taa inayopita. Kutoka mjini hadi Tunguu ni zaidi ya kilomita 10, na si njia ya kutembea kwa miguu usiku.

Njia iliyo bora ni kukodi gari kwa pamoja. Wanafunzi wanne au watano wakichanga, nauli ya teksi kwa kila mmoja huwa ndogo kuliko bei ya chakula walichokula Forodhani. Mapatano yafanywe mchana na dereva anayejulikana dakhalia, ambaye amekwisha kuwabeba wenzenu na ambaye mkimpigia simu atapokea. Bei itajwe yote kabla, ikiwa ni pamoja na muda wa kusubiri, kwa sababu ugomvi mwingi wa usiku huanzia kwenye maneno "tutaelewana tu". Mkilazimika kuchukua gari msiyoijua, mmoja wenu apige picha namba ya gari na kumtumia mtu aliyebaki nyumbani, na afanye hivyo waziwazi, dereva akiona. Dereva mwema hatakasirika.

Bodaboda ni ya haraka, na ndiyo inayovunja watu miguu. Ukiamua kuipanda, vaa kofia ngumu, usikubali kupakiwa mshikaki watu watatu, na ukisikia harufu ya pombe kwa dereva, mshukuru na umwache aende zake. Mwenye ndugu mjini, awe shangazi wa Mwembetanga au binamu wa Kikwajuni, amjulishe mapema na alale huko. Hakuna teksi iliyo salama kuliko godoro la shangazi, ijapokuwa alfajiri ataulizwa maswali.

Lango la dakhalia hufungwa mapema. Je, niruke ukuta?

Usiruke. Msimamizi wa dakhalia akiombwa ruhusa mchana, kwa adabu na kwa kutaja tamasha lenyewe, mara nyingi huikubali kwa sharti la kujua mmekwenda wangapi na mnarudi na nani; sharti hilo, hata kama linaudhi, ndilo linalomfanya mtu atafutwe asipoonekana. Waliopanga chumba mtaani wajitambulishe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, tangu siku za mwanzo, ili wanapopata shida usiku wawe ni watu wenye jina katika shehia na si "wale wanafunzi wa nyumba ya nyuma".

Forodhani nitaibiwa?

Kuibiwa ni nadra. Kulipishwa zaidi ndiko kulikozoeleka. Mambo huwa hivi: unasimama mbele ya meza iliyopangwa mishkaki ya pweza, ngisi, kamba na nyama chini ya taa kali, muuzaji mwenye kofia nyeupe anakukaribisha kwa bashasha, anakupa sahani na kuanza kukuwekea, mmoja huu, na huu uonje, na chapati ya maji juu yake, kisha sahani inapelekwa jikoni kupashwa moto. Bei huisikia ukiwa umekwisha kula. Dawa yake ni kuuliza bei ya kila kipande kabla hakijagusa sahani, na kuuliza kwa Kiswahili cha kawaida, bila haya. Uliza vilevile kilichookwa sasa hivi, kwani samaki aliyekaa mezani tangu magharibi akipashwa moto mara ya pili hutafuta ugomvi na tumbo. Wakati wa mvua za masika jihadhari pia na juisi ya muwa iliyotiwa barafu usiyojua maji yake yametoka wapi.

Papasi, yaani vijana wanaowafuata wageni kuwauzia safari, hoteli na mambo mengine, hawamwandami sana mwanafunzi akishajibu kwa Kiswahili. Jibu moja la heshima, "ahsante kaka, mimi mwenyeji", linatosha, na baada ya hapo endelea na safari yako.

Upande wa baharini kuna ukuta ambao vijana hupigia makachu, wakijirusha majini kwa mapinduo ya kustaajabisha. Watazame, washangilie, wala usiwaige. Wao wanaijua ile sehemu kwa saa na kwa mwezi. Maji yakiwa yametoka, pale walipojirusha asubuhi huwa hapana kina cha kumpokea mtu. Usiku, hata mwenyeji hana analoliona chini.

Katika tamasha la Ngome Kongwe nijiandae vipi?

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na ilijengwa kwa nia ya kuwazuia watu wasiingie. Kuta zake ni nene na njia zake za kutokea si nyingi, kwa hiyo watu wote huondoka kupitia matundu machache. Ukiingia tu, tazama njia za kutokea ziko wapi, na msikubaliane kukutana "mlangoni", kwa sababu kila mtu atakuwa ameambiwa hivyo; chagueni mahali nje, kama mti fulani wa Forodhani au duka linalojulikana, na wakati maalumu, kwani mtandao wa simu hulemewa watu wanapokuwa wengi. Wimbo wa mwisho ukiisha, kaa ulipo kidogo uwaache wenye haraka wapite.

Tiketi inunuliwe kwa wenyeji wa tamasha, si kwa mtu wa pembeni. Katika Sauti za Busara Watanzania huuziwa kwa bei ya chini kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho, na kama una cha chuo kibebe pia. Usisimame mbele ya spika usiku kucha. Mlio utakaobaki masikioni siku ya pili ni ishara kwamba sikio limeumia. Unapotoka, kumbuka kwamba jirani yako ni Beit-el-Ajaib, jumba la kihistoria ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na uzio wake si mahali pa kupanda ili upate picha nzuri.

Na fashfash (fataki) za Mapinduzi, au mechi za usiku Amaan?

Fashfash za kuamkia tarehe 12 Januari hutazamika vizuri hata ukiwa mbali, na kusogea karibu na zinapowashwa hakuongezi uzuri wowote. Mechi za Kombe la Mapinduzi huanza usiku na kwisha watu wakiwa na hamaki au furaha, na hali zote mbili huwafanya wasitazame mifuko yao. Simu iwe mfuko wa mbele, fedha ya nauli iwe mbali na fedha nyingine, na shabiki wa timu iliyofungwa asitaniwe pale pale nje ya uwanja, hata akiwa rafiki yako.

Wenzangu wananialika sherehe ya mwezi mpevu Kendwa. Niende?

Ukiweza kulala huko, nenda. Ukiwa unategemea kurudi usiku ule ule, bora uache. Kendwa iko kaskazini kabisa mwa kisiwa, gari namba 116 ya Nungwi haikusubiri mpaka saa tisa usiku, na barabara ile huwa na madereva waliochoka, wengine wakiwa wametoka kwenye sherehe hiyo hiyo. Chumba cha kuchangia, kilichowekwa mapema, kina thamani kuliko kiingilio chenyewe.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitii akilini ni bahari. Siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua, na tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kwa hapa Unguja, maji ya bamvua huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne usiku na kujaa mnamo saa kumi alfajiri. Maana yake ni kwamba muziki unaponoga, maji yanakuja. Aliyeacha viatu na mkoba mchangani saa tano hatavikuta saa tisa. Na walioamua kutembea kwa mguu ufukweni kati ya Kendwa na Nungwi, njia inayopitika maji yakiwa yametoka tu, hujikuta wamebanwa baina ya mwamba na mawimbi. Kuogelea usiku baada ya kunywa si ushujaa, na wavuvi wa Nungwi, ambao bahari ni kazi yao, hawafanyi hivyo.

Sinywi pombe. Je, nitaonekana mshamba?

Hapana. Katika kisiwa hiki wasiokunywa ndio wengi, na soda au maji ya madafu haihitaji maelezo. Anayekulazimisha mara ya tatu si mwenzio wa kutoka naye. Kwa desturi, asiyekunywa ndiye huwa mshika fedha za nauli na ndiye husema "basi, twende". Ni kazi yenye heshima, na kundi lisilo na mtu huyo lingefikiri mara mbili.

Na anayekunywa?

Awe ametimiza miaka 18, anywe ndani ya mahali penye kibali, na asitembee na chupa mitaani, kwa sababu jamii ya Zanzibar ni ya Kiislamu kwa sehemu kubwa sana na kulewa hadharani ni kuwakosea watu waliokupokea. Ale kwanza. Chupa ifunguliwe mbele yake, na glasi aliyoiacha mezani akaenda kucheza asirudi kuinywa. Vinywaji visivyo na lebo, vya kuuzwa kwa bei ya kutupa, aviache kabisa.

Mwenzenu akizidiwa hata haamki mkimwita, anapumua kwa vituo au mwili wake umekuwa wa baridi, msimwache "alale ipungue". Mlazeni kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, mtu mmoja abaki naye, na wengine watafute gari ya kumpeleka hospitali iliyo karibu. Hofu ya kujulikana chuoni isiwacheleweshe. Barua ya onyo husahaulika.

Mwezi wa Ramadhani usiku huwaje?

Kumbi za disko hufungwa na muziki wa hadharani husimama, na mchana kula hadharani hakukubaliki. Wapo waliokamatwa kwa jambo hilo, kwa hiyo hata asiyefunga ale ndani. Lakini usiku wenyewe ni mzuri pengine kuliko miezi yote. Baada ya futari na tarawehe watu hutoka, maduka huwa wazi, mabaraza hujaa mpaka karibu na daku, na mwanafunzi aliyealikwa kufuturu nyumba ya watu asikatae. Ikiingia Idi, viwanja vya sikukuu hujaa watoto na familia. Hapo hatari kubwa ni msongamano na watoto kupotea, basi ukienda na mdogo wako mshike mkono na mwandikie namba ya simu ya mtu mzima kwenye karatasi mfukoni mwake.

Nikisumbuliwa au kushambuliwa, niende wapi?

Usumbufu wa maneno ujibu kwa kuingia mahali penye watu: duka, hoteli, baraza. Mwite mtu mzima kwa jina la heshima, "mama" au "mzee", useme wazi kwamba unafuatwa. Watu wa hapa huinuka. Kwa dharura, namba ya polisi ni 112.

Aliyefanyiwa ukatili wa kingono, awe mwanamke au mwanamme, aende Kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha hupatikana mahali pamoja. Asioge kwanza, wala asifue nguo alizokuwa amevaa. Nguo azitie katika mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopungua ina faida. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Rafiki anayemsindikiza asimuulize alivaa nini au alikuwa anafanya nini huko. Amshike mkono na kukaa naye foleni.

Nikipewa kitu cha kuvuta, au kifurushi cha kumpelekea mtu?

Kataa vyote viwili. Sheria za dawa za kulevya hapa ni kali, na kisiwa kimekwisha kuona vijana wengi wakiishia katika nyumba za kurekebisha waraibu kwa sababu ya unga. Kifurushi cha mtu usiyemjua vizuri hukihitaji, hata nauli yake ikiwa nono.

Je, nivae vipi?

Ndani ya ukumbi vaa upendavyo. Njiani, funika mabega na magoti. Wasichana wengi hutoka na mtandio au buibui juu ya nguo za sherehe, na jambo hilo halimshangazi mtu yeyote. Kuhusu picha, muombe ruhusa unayempiga, hasa kina mama, na usirushe mtandaoni picha ya mwenzio aliyelewa. Hilo linaweza kumharibia ndoa na kazi, na wewe kukufikisha polisi.

Mama yangu yuko Wete na hataki nitoke usiku kabisa. Nimwambie nini?

Mwambie unakwenda wapi, na nani, na utalala wapi, kisha mpigie ukifika. Mzazi wa Pemba anayejua jina la mwenyeji wako na namba ya dereva hulala usingizi tofauti na yule aliyesikia "nipo nipo tu". Akikataa kabisa, tamasha la mchana au la jioni lipo, na katika Mwaka Kogwa sehemu kubwa ya mambo, yakiwemo mapigano ya migomba na kuchomwa kwa kibanda, hufanyika jua likiwa juu. Rudi mjini na gari namba 310 kabla ya magharibi, maana jioni hiyo zote hujaa.

Na nikirudi Pemba kwa ajili ya sikukuu?

Usiku wa Chake Chake na Wete ni wa kahawa na mazungumzo zaidi kuliko wa muziki, na starehe kubwa huwa za mchana: mchezo wa ng'ombe, ambao unatazamwa kutoka mbali na kamba, na resi za ngalawa. Hatari kubwa iko safarini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi, na mamia ya watu wakafariki. Kata tiketi yako wiki kabla, safari ya mchana ikiwezekana. Ukifika bandarini Malindi ukaona watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, rudi ulale mjini uondoke na boti inayofuata. Tazama majaketi ya kuokolea yamewekwa wapi kabla boti haijang'oa nanga.